Nasaba ya Pumzi

Nimevua glavu nipate kukaza kizibo.
Februari, kando ya kijito cha Wyalusing, Pennsylvania,
vidole vyangu si vyangu.
Bibi Verla Hotchkiss ananishikia tochi mchana kweupe,
maana kibanda cha pampu hakina dirisha,
na kiberiti kimepigwa marufuku humu tangu Novemba.

Maji yanapanda meupe kama maziwa.
Yakitulia yanarudi kuwa maji:
vipovu vimekwenda zao.
Mimi ndivyo ninavyovitaka.
Nazamisha chupa ndooni, kichwa chini,
nangoja gesi ijikusanye juu,
mgeni asiye na rangi, asiye na harufu,
asiye na jina la baba.

Dalili ya mvua ni mawingu, tumeusiwa.
Dalili ya moto kuwa maji, hatukuusiwa.

“Utajuaje imetoka wapi?”
Namwambia: iliyozaliwa kinamasini, na vijidudu,
kaboni yake nyepesi, nayo haina ndugu.
Iliyopikwa chini, katika mwamba mweusi,
kwa miaka isiyo na mtu wa kuihesabu,
ni nzito, na haitembei peke yake:
ethani huifuata nyuma kama mdogo wake.
Basi tunapima uzito, tunauliza ndugu.
Kwetu Pangani, posa ikija,
watu huuliza hayo hayo.

Hacheki.
“Orrin alitia saini mezani jikoni,
sahani ya mayai pembeni. Machi akafa.
Sitaki fidia.
Nataka kujua kama ni mkono wake.”
Kisha, akifunga mlango kwa goti:
“Lakini babake alikuwa akiwasha kijito, kiangazi,
kuwafurahisha watoto. Kabla ya mitambo yote hii.”

Wiki sita maabara.
Nzito. Ethani ipo.
Ila si nzito kama ile ya mwamba waliouchimbia,
kilomita mbili chini.
Hii ni ya tabaka la kati, mita mia saba,
ambalo hakuna aliyelitaka
wala aliyelipa senti kwa ajili yake.
Imepanda nje ya bomba,
kwenye ufa mwembamba kama unywele,
pale saruji ilipokataa kushika.

Nikampigia simu.
Gesi siyo ile waliyoifuata, nikasema.
Njia ndiyo yao.
Kimya. Nikasikia maji yakimiminwa birikani,
glagla, glagla, ya dumu la dukani.
“Na Orrin?”

Mashine yetu hupima chembe kwa bilioni.
Nilikuwa nayo mbele yangu, ikinguruma.
Sikuwa na la kuiuliza.

“Na ile ya babake?” akasema hatimaye.
“Ile ya kijitoni. Nayo ni ya ukoo gani?”
Haijawahi kupimwa, nikasema.
Na sasa kijito kimeganda.

“Basi njoo Mei,” akasema.
“Njoo na chupa.”