Meza ya Nne

Saa kumi na moja alfajiri Igogo bado ni giza.
Taa za kiwanda zinamwaga weupe wake ziwani,
tunavaa mabuti, aproni, kofia za wavu,
na mtu wa kwanza kumwona mlangoni ni Lugembe.
Kwetu lugembe ni wembe.
Waliompa jina hawakukosea.

Namwambia: mwangaluka.
Anatazama mabuti yangu.
"Hujapita kwenye dawa."
Nimepita. Klorini bado inanichuruzika.
Lakini narudi, napita tena,
maana kubishana na Lugembe
ni kuparua sangara kwa kijiko:
utachoka wewe, magamba yatabaki.

Ana daftari la shule, kurasa arobaini na nane,
na humo tumo wote.
*Nyanzobe, kuchelewa, dakika tatu.*
*Bituro, kucheka kazini.*
*Meza ya nne, nyama imebaki mgongoni, gramu sitini.*
Gramu sitini!
Na mapanki yenyewe yakitoka hapa yanagombewa,
yanakaangwa barabarani mpaka yanalia.
Hizo gramu sitini ni mchuzi wa mtoto wa mtu.

Dawa zote nimemjaribia.
Nilimletea matobolwa na karanga;
akauliza kama yalifunikwa.
Nilinyamaza wiki nzima;
akaandika: *ananuna*.
Nilipanda ngazi kwa meneja.
Meneja akaniambia, huku anatafuta miwani iliyo kichwani mwake,
kwamba Lugembe akiondoka leo
kesho kontena zitaanza kurudishwa.

Kwa hiyo nikawa namjibu usiku,
chumbani kwangu Mabatini, juu kwenye mawe.
Huko maneno yalikuja yenyewe, makali, yamepangika,
hakuna aliyewahi kushindwa hoja kama Lugembe
aliyeshindwa na mimi saa sita usiku
mpaka jirani akagonga ukuta.

Masika yalipoanza akaletwa Kwandu,
msichana wa Magu, mkono unatetemeka,
kisu kinakimbilia pembeni kama kinaogopa samaki.
Wakamweka mezani kwangu.
Nikamfundisha.
Hivyo ndivyo nilivyoita: kumfundisha.
Siyo hivyo. Anzia shingoni.
Siyo hivyo, mdogo wangu.
Nikatabasamu. Nikampimia minofu yake kwa macho.
Nani alikuonyesha kushika kisu namna hiyo?

Siku moja nimefuata barafu,
nikamsikia nyuma ya ghala, simu sikioni:
"Hapana mama, Lugembe nimemzoea.
Yule ni mvua ya ziwani, unaiona tangu mbali,
unaanua nguo zako unaingia ndani.
Ninayemwogopa ni dada wa meza ya nne.
Anakuchekea, kumbe anakuhesabia."

Nilisimama na kreti mikononi
hadi vidole vikaacha kuwa vyangu.
Nilitaka kumtokea, nimwambie, wewe mtoto,
unajua mimi nimevumilia nini humu?
Lakini hilo nalo lilikuwa hesabu.
Kumbe daftari ninalo,
tena la kwangu halina kurasa arobaini na nane,
la kwangu haliishi.

Sikumwomba radhi. Nisidanganye.
Ningeanzaje, na angejua nimemsikiliza.
Kesho yake alikata vibaya vilevile,
nyama nzima imelala mgongoni,
mdomo wangu ukafunguka kwa mazoea
nikaufunga.
Nikamvuta samaki wangu karibu yake,
nikakata polepole, shingoni, kushuka,
aone akitaka.
Sijui kama aliona.
Alikuwa anatazama kisu, au alikuwa anatazama saa.

Lugembe akapita. Akasimama. Akaandika.
Sikuuliza nini.

Na leo asubuhi, giza lilelile, taa zilezile,
nimemwambia: mwangaluka.
Ametazama mabuti yangu.
"Yanavuja," amesema.
Nikainama.
Ni kweli. Yanavuja.