Kamba ya Banza

Mwezi wa kumi, Lubumbashi haijui inachotaka.
Alfajiri, baridi ya kutafuta sweta.
Saa nne, jua la kukaangia karanga juu ya bati.
Saa tisa wingu jeusi linapanda nyuma ya bomba la shaba
kama mtu anayekuja kudai deni,
linasimama, linatutazama,
halafu linaondoka kwenda kunyesha Kipushi.

Jirani yetu Banza ndiye anayesoma hali ya hewa redioni.
Saa kumi na mbili na nusu sauti yake
inapita parsele kwa parsele, imepigwa pasi:
"Mawingu kiasi. Mvua hapa na pale.
Upepo wa wastani kutoka mashariki."
Hapa ni wapi, Banza? Na pale ni kwa nani?
Juzi Katuba walivua viatu kuvuka barabara,
sisi huku Kamalondo tulinyunyizia vumbi maji kwa kopo.
Mama Kapya, na mihogo yake juu ya turubai,
huijibu redio kama anavyomjibu mumewe:
"Haya. Tumesikia."

Kwa hiyo tunaangalia kamba.
Kamba ya Banza, shati tano nyeupe,
na Mwadi mkewe aliyezianika.
Mwadi hajaona ramani ya mawingu hata siku moja.
Hushika kola kwa kidole gumba,
huinua pua kidogo, upande wa reli,
na akianua shati la kwanza
avenyu nzima inasimama:
mihogo inakunjwa, shuka zinakimbia,
Chola anafunika matofali yake mabichi
huku akiwaita wanawe wote kwa jina moja.

Banza mwenyewe hajui.
Anadhani tunamwamini.

Jumatano ile shati zilikuwa nje
tangu asubuhi, zimejaa upepo,
zikipunga mikono kama watu walioko kwenye treni.
Sisi nasi tukaacha kila kitu nje.
Saa nane na nusu mbingu ikapasuka.
Si hapa na pale. Hapa. Hapa hapa.
Maji mekundu yakabeba ndala, sufuria, kuku mmoja,
na matofali elfu nne ya Chola
yakarudi kuwa udongo, bila haraka, moja moja.
Chola alitukana mpaka koo likamkauka;
hicho tu ndicho kilichokauka siku ile.

Jioni ndipo tulipojua:
Mwadi alikuwa hospitali tangu usiku wa manane,
mtoto ana homa ya kutetemesha kitanda.
Shati alizianika Banza mwenyewe, gizani,
kibanio kimoja kimoja,
akaenda kazini kutusomea jua.

Kumbikumbi walitoka, watoto wakawafukuza kwenye taa.
Mimi niliziokota shati kwenye matope.
Maji ya kwanza yalikuwa chai,
ya pili damu ya nyanya,
ya nne nikatia buluu.
Mama Kapya akaleta pasi na makaa yake mwenyewe,
yeye aliyepoteza mihogo ya wiki,
akanung'unika kuhusu kola, namna inavyolika.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu,
sauti ile ilikuja bila pasi.
"Leo," ikasema. Ikanyamaza.
Tukasikia karatasi.
"Leo mawingu kiasi."
Hakuna aliyejibu redio.

Siku tatu hatukuanika kitu.
Tulivaa nguo zenye harufu ya sanduku.

Jumapili Mwadi alishuka kwenye pikipiki,
mtoto mgongoni, amepungua lakini analia vizuri,
kilio cha kudai uji.
Avenyu ilikuwa mlangoni, kila mtu na beseni lake,
hakuna aliyethubutu kuuliza kwanza habari ya mvua.
Akaona shati tano zilizokunjwa juu ya kiti.
Akazigusa. Hakusema.
Kisha pua, kidogo, upande wa reli.

"Anikeni," akasema,
"ila msiende mbali."