Hatua za Aliyekaa

Wamenifunga kidude kiunoni,
kidogo kama kiberiti, chepesi kama uongo.
Nesi Raya kanambia: "Bi Mize, usikivue
ila kwa kuoga na kulala. Siku saba."
Nikatema mate kwenye kichupa mpaka kwenye mstari,
nikatolewa damu, nikaulizwa umri.
Sitini na tisa, nikasema, na huo ni wa cheti;
magoti yana wao, mkubwa zaidi.

Wametukusanya wazee thelathini wa Wete,
wote wa mkekani,
tunaotuma wajukuu watuletee kata ya maji
na kata iko mkono mmoja na sisi.
Kuna kitu, kasema daktari, ndani ya damu,
uzi mwembamba usioonekana:
mmoja humwambia inuka,
mwenziwe humwambia bado.
Mzee Hamad Makame akacheka mpaka kikohozi:
"Basi mie sina kosa! Uvivu wangu ni urathi,
nitaugawa kwa wanangu kwa mafungu ya sheria."

Mimi sikucheka.
Nilimkumbuka dada yangu Bihawa,
tumbo moja, ziwa moja,
ana sabini na tatu na bado anapanda Limbani
kikapu kichwani, hata siku hana anachokifuata.
Yule kachukua miguu ya mama, walisema,
na huyu kachukua makalio ya baba.
Mwana hutazama kisogo cha nina;
wewe, Mize, ulitazama wapi?

Nilimtazama Fundi Faki wa Mtemani,
alfajiri mpaka adhana ya magharibi
haondoki ila kwa sala.
Kanzu, suruali za skuli, magauni ya Idi.
Wapitao wakimwamkia: "Umekaa, Fundi?"
"Nimekaa."
Ukoo wa Wakaaji, ndivyo tulivyoitwa,
jina likatuganda kama kiraka.

Siku ya nne kidude kikasema mia mbili na kumi.
Kuku wangu angepata zaidi.
Kwa aibu nikafunua cherehani, ile ile ya baba,
nipinde foronya, niache kufikiri.
Guu likashika pedeli kabla sijaliamuru:
kisigino, kidole, kisigino, kidole,
gurudumu likaguna, likakumbuka,
nami nikaiona tena miguu ile, mikavu kama kuni,
nilipokuwa mtoto wa kuokota vifungo sakafuni.
Haikutulia. Haikuwahi kutulia.
Miaka arubaini baba alikwenda
pale pale alipokaa,
na hakuna aliyechungulia chini ya meza.

Nikakivua kidude kiunoni,
nikakifunga kwenye kifundo cha mguu.

Siku ya saba Raya akasoma, akavua miwani.
"Elfu kumi na moja? Umekwenda Konde kwa miguu?"
Nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaandika kitu pembeni mwa daftari,
akakifuta, akaandika tena.
"Hizi hatuwezi kuzihesabu, Bi Mize. Lakini..."
Hiyo lakini hakuimaliza.

Majibu ya mate bado; yamekwenda mbali kwa ndege.
Yakija yakasema damu yangu nzito, nitaitika: nzito.
Sibishani na damu. Kila mtu kapewa kidonge chake cha uzi,
huyu wa katani, yule wa hariri;
ila sijaona kanzu iliyojishona.

Jana Bihawa kaja, jasho mpaka kwenye nyusi.
"Nipishe, nami nijaribu hicho kitembezi chako."
Akakaa. Akakanyaga. Uzi ukakatika mara tatu,
gurudumu likamrudia kinyume.
Miguu yake haijui kwenda bila kufika.
Tulicheka, wallahi, mpaka foronya ikaanguka.
Nikamwambia: basi kesho nitakusindikiza.
"Limbani?"
Dukani kwa Shaame, nikasema.
Na tutapumzika njiani.