Pasi na Pasi

Montevideo, Julai, Jumapili usiku.
Upepo wa mtoni umeingia hadi ndani ya soksi,
na lile joho jeupe la shule
limening'inia bafuni tangu Ijumaa bila kukauka.
Marinda matatu mbele, matatu nyuma,
na utepe wa buluu ambao Ciro hufutia pua.

Mama mkwe wangu, Bi Nélida, alipiga pasi ya mkaa
mpaka mapazia, mpaka matambara ya kudekia.
Alisema mtoto mwenye kunyanzi kifuani
ni barua ya wazi juu ya mama yake.
Alizikwa amenyooka,
shuka lake halina mkunjo hata mmoja,
ila uso. Uso ulikataa.

Washington wa ghorofa ya tatu, dereva wa lori, ana shauri lingine:
litundike likichuruzika, uzito wa maji ufanye kazi.
"Vitambaa vya siku hizi vimesoma," anasema,
"vinajinyoosha vyenyewe."
Shati lake linamkana.

Nami nikapiga hesabu, maana bili ya umeme haina utani:
dakika arobaini kila Jumapili,
toka Machi hadi Desemba, miaka sita ya shule ya msingi.
Karibu juma zima la maisha yangu, usiku na mchana,
nimesimama nasukuma chuma,
na joho lenyewe hufika langoni
limeshakaliwa ndani ya basi, limevutwa, limemwagikiwa maziwa.

Basi nikaacha.
Nikalikung'uta mara mbili, nikalivuta kwa mikono,
Jumatatu akaenda shule pasi na pasi.
Nikangoja simu ya mwalimu.
Nikangoja Nélida anipige teke kutoka kaburini.
Kimya. Mbingu zikabaki zilipo.
Langoni nikaona majoho ya wenzake
yamekunjamana kama uso wa aliyeamshwa ghafla;
miaka yote hiyo, sikuwahi kuyatazama.

Hapo ndipo ningelimaliza shairi hili
nikapeana mkono na Washington.

Majuma matatu nililala chali Jumapili usiku,
miguu juu ya mto, redio ikinong'ona mpira,
moyo mkunjufu kweli kweli.
La nne nikahisi kuna kitu kimepungua nyumbani,
na si mvuke.

Zamani, pasi ikishapata moto,
Ciro alitambaa akaingia chini ya meza,
kwenye lile pango la shuka na joto,
na kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye marinda
ulimi wake ulifunguka:
nani kampiga nani, nani analia chooni,
kwa nini baba yake Bruna hulala ndani ya gari.
Mtoto wangu hasemi na uso. Husema na magoti.
Na mimi nilidhani nanyoosha pamba.

Siku hizi namuuliza mezani, "Shule vipi?"
"Nzuri."
Neno moja, limepigwa pasi pande zote mbili.

Kwa hiyo usiniulize kama inafaa.
Kwa ajili ya nguo, haifai; Washington ameshinda,
na bili iko upande wake.
Leo joho limekauka, limekunjamana kwa amani,
nami nimechomeka pasi hata hivyo,
nikachukua kitambaa cha vyombo chenye doa la nyanya.

"Unapiga pasi nini?"
"Kitambaa cha vyombo."
Akanitazama kama mtu anayepima homa.
Kisha nikasikia magoti yake yakigusa sakafu.

Muda mrefu hakusema. Dirisha likafanya ukungu.
Nilikwenda ncha hii, nikarudi ncha ile,
nikiogopa kuinama.

"Mama," kutoka kule chini, "Bruna amehama."

Nikakigeuza kitambaa, nikakipiga mara ya tatu.
Kilikuwa kimenyooka zamani.