Daftari la Mashimo

Shimo la kwanza nililichimba nyuma ya kanisa la Handali,
mwaka ule uwele uliponyauka kabla ya kutoa masuke.
Futi arobaini na mbili kwa sururu na ndoo ya kamba,
kisha mwamba mweusi, ukalia kama kengele.
Niliugonga siku tisa. Siku ya kumi mpini ukavunjika,
nikakaa chini kabisa, nikatazama duara la mbingu,
dogo kama sahani ya sadaka.

La pili, jirani na kwa Mama Wendo, lilitoa maji.
Vigelegele vilifika hadi barabarani.
Mchungaji Chilongani akanywa wa kwanza,
akameza taratibu, kwa adabu,
kwa kuwa ni mtu wa Mungu.
Chumvi.
Hata punda alinusa, akageuza shingo.

La tatu lilikula fedha za akina mama:
karanga walizobangua usiku, kuku, debe la ufuta,
noti zilizokunjwa mara nne, zikinuka moshi wa jikoni.
Futi sabini. Udongo mwekundu, mkavu, mpaka chini.
Nilipopanda juu hakuna aliyenilaumu.
Hilo ndilo lililonivunja.

Nikahamia benchi la mwisho, karibu na mlango,
sahani ikipita najifanya nafunga kamba ya kiatu.
Niliomba maombi ya mtu mwenye deni,
mafupi, bila kuinua uso:
Bwana, mikono hii ulinipa ya nini?
Upepo wa Septemba ukatikisa bati.
Basi.

Hadi Jumapili moja katekista Malogo,
mwenye mtoto wa jicho, asomaye kwa kukumbuka kuliko kuona,
akafika kwenye habari za Isaka.
Watumishi wake walichimba, wakagombewa, akakipa kisima jina.
Wakachimba kingine, wakagombewa tena, akakipa jina.
Akahama, akachimba.
Mahubiri yalinipita. Nilibaki kwenye majina.
Kumbe mtu wa ahadi naye alikuwa na visima alivyoviacha nyuma,
na hakuvificha.
Aliviita.

Usiku ule niliwasha koroboi,
nikachukua daftari la hesabu la mwanangu Nyemo, nikaandika:
*Mwamba*. Nyuma ya kanisa, futi arobaini na mbili.
*Chumvi*. Kwa Mama Wendo, futi thelathini na moja.
*Aibu*. Penye migunga miwili, futi sabini, udongo mwekundu.
Nikaifuta Aibu.
Nikaiandika tena.

Ikapita miaka miwili ndipo lori la mabomba likaja kutoka mjini,
na binti wa kofia ya njano, mhandisi Tuntufye,
akauliza: Nani hapa anaijua ardhi hii kwa chini?
Watu wote wakanigeukia. Nilidhani ni kejeli.
Nikaenda nyumbani, nikaleta daftari.

Alilisoma amepiga goti,
akichora kwa kidole vumbini, shimo hadi shimo,
mstari uliopinda kama mto uliosahau njia.
Mzee, akasema, umenipunguzia mwezi mzima.
Sitapoteza siku hapa, wala hapa,
wala hapa.

Wala hapa. Niliisikia kama baraka ya mwisho wa ibada.

Leo mabomba yanashuka kule bondeni, mita ya themanini na tisa,
na bado hatujui.
Akina mama wamepindua ndoo, wamezikalia, wanabangua karanga.
Sijui kama Mungu alinituma nikose.
Sithubutu kumwambia hivyo mama aliyeuza kuku wake.
Ninachojua, daftari langu hakulitupa.

Nami leo siko mlangoni.
Nimesimama karibu na mashine, vumbi hadi kwenye kope,
kalamu mkononi, ukurasa umefunguka,
na katikati yake nimeacha nafasi
ya jina moja.