Asilimia Mia Nane

Taavet wa ghorofa ya juu alinifundisha Jumanne:
"Shika kitufe chenye dirisha, Bi Helve, kisha jumlisha.
Ukitaka kurudi, dirisha tena, kisha toa."
Hesabu za darasa la kwanza
kwa bibi wa miaka sabini na tisa.
Nikajumlisha.
Kioo kikanijia usoni kama mlango uliosukumwa na upepo.

Tangu majani yalipopukutika jicho langu lina tundu katikati.
Pembeni naona vizuri: pazia, birika,
theluji juu ya paa la stesheni isiyofika treni.
Lakini kitu nikikitazama, hicho ndicho kinachoondoka.
Nikimwangalia Salme, dada yangu, nabakiwa na masikio yake
na ukosi wa koti.
Daktari wa Tallinn aliutaja ugonjwa kwa jina refu.
Nikamwambia: mimi ni mfumaji wa shali, daktari,
matundu nayajua,
ila yangu huwa nimeyapanga mwenyewe.

Sasa natembeza kipanya, na kikuzaji kinatembea nami,
chumba kidogo chenye taa kinachopita juu ya ukurasa.
Nimegeuza rangi: herufi nyeupe, usiku nyuma yake.
Kila moja inaingia peke yake, imejaa kama ng'ombe kizingitini,
na mimi nangoja ya pili.
Nikifika mwisho wa mstari, mwanzo umeshakwenda zake,
na kuutafuta mstari unaofuata
ni kutafuta sindano iliyoanguka zuliani
(nazo nazitafuta kila siku, kwa magoti).

Bili ya umeme ilikaribia kuniua.
Nne. Moja. Saba. Sufuri.
Euro elfu nne! Nikazima taa zote,
nikakaa gizani na koti langu.
Jioni Taavet alishuka, akacheka, akanishushia kioo kidogo:
mkato ulikuwa umebaki chini, nje ya ukingo.
Arobaini na moja na senti sabini.
Tangu siku hiyo, kabla ya kulia,
nashusha kipanya kwanza.

Kisha Salme akaleta ile picha.
Mama, mwaka wa thelathini na tisa, mlangoni pa kanisa,
shali begani, ile iliyopita yote kwenye pete ya ndoa.
Mchoro wake hakuuandika popote.
Aliubeba vidoleni, na vidole tukavizika mwezi wa Machi,
ardhi ikiwa ngumu hata wachimbaji wakawasha moto juu yake.
Taavet akaiingiza picha kwenye kompyuta.
Nikasema: leo nitavihesabu vitanzi.

Mia mbili: uso wa mama, tundu langu likaumeza.
Mia nne: bega.
Mia sita: ukungu wenye mistari, kitu kama ua, au doa la chai.
Mia nane:
viraba.
Vyeusi, vya kijivu, vyeupe, vimepangwa safusafu,
na mama hayupo tena popote.

Nilitaka kuzima.
Lakini sisi wafumaji mchoro tunauandika hivyo hivyo, kwa viraba.
Cheusi tundu, cheupe kitanzi.
Za kijivu nikaziamulia mwenyewe, moja moja,
nikiangalia kwa pembe ya jicho kama kuku,
nikisogeza kipanya upana wa punje,
nikisahau, nikirudi, nikitaja namba kwa sauti
hadi jirani wa chini akagonga dari.
Kufuma kwenyewe hakukunisumbua.
Vidole havijawahi kuhitaji taa.

Wiki tano. Kipande si kikubwa, kinafunika bega moja.
Salme alikipapasa muda mrefu kando ya jiko.
"Siyo ya mama," akasema.
Siyo, nikamwambia.
Ni bega lake, asilimia mia nane.
Hakujibu. Sikuona uso wake ulikuwaje.
Nilisikia tu akifungua vifungo vya koti,
akikiweka ndani, juu ya blauzi,
akivifunga tena, polepole,
maana nje ilikuwa kumi na nane chini ya sufuri.