Kipimo cha Vidole

Tulifundishwa hivi: mkono mmoja, vidole vitano.
Ngumi ni salama. Kidole kimoja, maumivu yanabisha hodi.
Vitano, yameshaingia, yamekalia kitanda.
Mgonjwa ainue, muuguzi aandike.
Hapahitajiki kusoma, hata lugha si kikwazo.

Nikapanda Kilembe na pikipiki ya Masereka,
chupa ya kijani nimeikumbatia kama yai,
mto Nyamwamba ukinguruma kushoto kwetu
na mawe yake ya mafuriko, makubwa kama ng'ombe waliolala.
Nyumba ya zamani ya kampuni, namba imefutika.
Mzee Thembo kalala ubavu, uso ukutani.
Nikamuuliza. Akainua vitatu.
Nikaandika: tatu. Nikampimia dawa ya mtu wa tatu.

Wiki nzima nilijisifu kwa ile tatu.

Biira, mkewe, ndiye aliyenisindikiza hadi darajani,
pindo la kitenge mdomoni. Akalitoa:
"Sista, usiku anauma blanketi.
Ile tatu yako, uliihesabu vizuri?"

Nikarudi. Nikaomba mkono, nikaufungua.
Cha shahada na cha kati, mwamba ulivichukua
mwaka shaba ilipokuwa bado na bei.
Mkono wa kushoto hauinuki, uvimbe umejaa kwapani.
Alikuwa ameinua vyote.
Vyote alivyo navyo.

Kwa Kiswahili cha shimoni, kile cha amri na matusi,
akasema polepole: "Dada,
kule chini tulikuwa na kanuni. Taa ikizimika
usipige kelele, utamaliza hewa. Gonga bomba.
Mtu wa juu atasikia.
Mimi nimegonga siku saba."

Nikaongeza kipimo. Kila saa nne, na ya kulalia maradufu.
Nikaandika na ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo;
hilo halimo kwenye mashairi lakini limo kwenye mashuka.
Siku ya tatu akaomba uji. Akaomba redio.
Akagombana na Biira juu ya jogoo aliyeuzwa bila yeye kuulizwa,
na Biira akatoka nje, akalia
kwa raha ya kugombezwa.

Hakupona. Sikuwa nimeahidi.
Aliondoka alfajiri, mvua ikiwa mlimani, ngumi imefumbwa.
Sijui kama ilikuwa sifuri
au ni mkono tu uliochoka.
Sikuiandika.

Biira akashuka mwenyewe hadi kliniki
na chupa, na daftari: mililita kumi na nane zimebaki.
Tukazipima pamoja mezani, akatia kidole gumba.
Mlangoni akageuka.
"Juu ya kwetu, nyumba ya nne, kuna mwanamke.
Hana wa kukusindikiza darajani.
Ukifika, kabla hujauliza,
kwanza tazama mikono yake."